Muulize Mwalimu: Je, mjusi wa Tendaguru angejenga mji?

Tangu niguse habari za mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi, katika toleo lililopita, barua zimekuja kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: hivi dinosaria wangeweza kupata akili kama zetu, wakajenga miji, wakaandika vitabu? Nimechagua barua nne. Walioniuliza kuhusu mchwa na kupatwa kwa mwezi naomba mnivumilie hadi mwezi ujao. Nilifundisha Baiolojia miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa Lindi, na hakuna swali nililopenda kuulizwa kama hili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Songea. Juzi bwenini tulibishana mpaka taa zikazimwa. Mwenzangu anasema kama kile kimondo kilichowaangamiza dinosaria kisingeanguka, leo dinosaria ndio wangekuwa wanaendesha magari, na sisi tungekuwa panya wa vichakani. Alituonyesha picha ya dinosaria aliyesimama kama mtu, ana macho makubwa na vidole vitatu, akasema wanasayansi wenyewe ndio waliomtengeneza. Mimi nasema huo ni uzushi. Tuamulie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na picha, maana hapo mwenzako hakukosea. Mwaka 1982 mtaalamu wa visukuku wa Kanada, Dale Russell, wa makumbusho ya taifa mjini Ottawa, alitoa sanamu ya namna hiyo akishirikiana na fundi wa sanamu, Ron Séguin. Hakuitoa hewani. Alianzia kwa dinosaria wa kweli aliyechimbwa Alberta, huko huko Kanada, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Troodon: mwindaji mwenye uzito wa mbuzi mkubwa hivi, macho makubwa yanayotazama mbele, mikono yenye vidole vitatu, na ubongo ambao kwa mwili wake ulikuwa mkubwa kuliko wa karibu dinosaria wote wa zama zake. Russell akajiuliza: ubongo huu ukiendelea kukua kwa miaka milioni 66 zaidi, tungemkuta nani? Sanamu yake ikasimama wima, haina mkia, fuvu limeviringika, na ndani ya fuvu alikadiria ubongo wa sentimita za ujazo 1,100. Wetu ni kama 1,350.

Namheshimu Russell kwa kuthubutu kuliuliza swali hili waziwazi. Jibu lake ndilo silikubali. Ukiitazama ile sanamu kwa makini utaona ni binadamu aliyevishwa ngozi ya mjusi. Sisi tunasimama wima kwa sababu wazee wetu wa kale sana walikuwa viumbe wa mitini, miili yao imezoea kujiinua na kuning'inia. Troodon hakutoka huko. Ukoo wake ulitembea kwa miguu miwili tangu zamani za zamani, kiwiliwili kimelala, mkia nyuma unamsawazisha kama upande wa pili wa mizani. Kitu gani kingemfanya aukate mkia huo? Mimi nikilazimishwa kumchora dinosaria mwenye akili nyingi, nitamchora mumbi: yule ndege mweusi mkubwa mwenye shingo nyekundu, anayetembea porini na ukoo wake, hana mkono wa kushika, mdomo wake ndio mkono wake.

Sasa mzizi wa ubishi wenu. Kosa la mwenzako limejificha katika wazo kwamba akili ni kituo ambacho kila msafiri atakifikia asipopata ajali njiani. Wazo hilo nililelewa nalo. Nilipokuwa kidato cha pili, kitabu tulichosomea kilisema dinosaria walitoweka kwa sababu walikuwa wazito na wapumbavu. Nililimeza, nikaenda nalo chuoni, nikaja nalo kazini.

Likanitoka Tendaguru. Mwaka 1991 nilipeleka wanafunzi wa kidato cha tatu, lori la kukodi likatuacha njiani, tukamalizia kwa miguu. Binti mmoja akaokota kitu cha rangi ya kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni, akauliza kama ni jiwe au mfupa. Nikamfundisha njia ya wachimbaji: kipanguse vumbi, kiguse kwa ncha ya ulimi. Jiwe la kawaida halishiki. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, unafyonza mate, unanata. Akakigusa, kikanata, akabaki amekishikilia kwa ulimi huku macho yamemtoka, na darasa zima likanyamaza. Miaka milioni 150 ilikuwa imeshika ulimi wa mtoto wa Lindi. Tulikirudisha pale pale alipokiokota.

Siku ile nilitazama matabaka ya kilima kile kwa jicho jingine. Kuna tabaka lenye mifupa, juu yake tabaka la bahari lenye makombe, kisha mifupa tena, kisha bahari tena, kisha mifupa kwa mara ya tatu. Bahari imeingia, imetoka, imerudi, na wao wapo. Mnyama wa namna hiyo humwiti mpumbavu. Tangu dinosaria wa kwanza hadi kile kimondo ni zaidi ya miaka milioni 160. Sisi, kama spishi, tuna kama miaka 300,000.

Hapo ndipo pa kuuliza: kwa nini katika muda wote huo hawakupata akili kama yetu? Sababu ni kwamba ubongo ni mlaji. Wako wewe ni asilimia 2 hivi ya uzito wako, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu unazozitumia ukiwa umetulia. Mnyama atakayekuza ubongo lazima apate faida ya papo hapo, kizazi hiki, kwenye chakula na kwenye watoto. Hawezi kuweka akiba kwa ajili ya miji itakayojengwa baada ya miaka milioni kumi. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria wa shingo ndefu ambaye mifupa yake iko Berlin, alikuwa na tani 30 na zaidi, na kazi yake ilikuwa kufikia majani ambayo wengine hawayafikii. Shingo ilimlipa. Ubongo zaidi ungemlipa nini?

Usidhani haya ni ya dinosaria peke yao. Mamalia nao waliishi nao muda wote huo na hawakutoa mwenye akili kama mtu. Hata baada ya kimondo, wakiwa wameachiwa dunia, angalia: Madagaska ilipata lemuri, ndugu zetu wa mbali, wakakaa pale mamilioni kwa mamilioni ya miaka na bado ni lemuri. Tumbili walivuka kwenda Amerika ya Kusini zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Wana mikono, wana macho ya mbele, wana makundi, na hakuna kilichojengwa. Njia hiyo imepitwa mara moja tu, hapa Afrika, na kwa taabu. Zana za mawe za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Toka pale, viumbe wenye mikono na ubongo wa kutosha kuchonga jiwe walichonga mawe kwa mamilioni ya miaka bila kuinua ukuta hata mmoja wa mji. Miji ya kwanza ina miaka elfu tano, sita hivi. Mwambie mwenzako aitafakari hiyo hesabu taratibu. Hata aliyepata akili hakupelekwa mjini na akili peke yake; ilibidi apate moto, lugha, utoto mrefu wa kufundishwa, nafaka, na hali ya hewa iliyotulia.

Kuhusu kimondo chenyewe: huenda mmepita Mbozi mkakiona kile cha kwetu, urefu wake mita tatu hivi. Kilichoanguka Chicxulub, Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita kilikuwa na upana wa kilomita kama 10, karibu mara mbili ya kimo cha Mlima Kilimanjaro. Vumbi lake lilifunika jua, mimea ikafa, na kila aliyetegemea mlo mkubwa wa kila siku akafa. Kisingeanguka, nakubaliana na mwenzako kwenye nusu moja: sisi pengine tungebaki vichakani. Magari ndiyo siyaoni. Ningeona dinosaria wengine wapya, wenye pembe nyingine na shingo nyingine, wanaendelea na maisha yao.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kakamega. Mimi pia ni mwalimu, wa shule ya msingi. Nilisoma gazetini kwamba Tyrannosaurus rex alikuwa na akili sawa na nyani. Wanafunzi wangu wamefurahi mno, sasa sijui niwaache na furaha yao au niwakatize.

JIBU: Salamu nimezipokea, mwalimu mwenzangu. Wakatize kidogo, halafu uwape furaha iliyo bora.

Habari uliyosoma ilitoka kwa mtafiti wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, ambaye ndiye aliyetufundisha njia nzuri ya kuhesabu niuroni, yaani seli za neva za ubongo. Mwaka 2023 alikadiria kwamba T. rex alikuwa na niuroni zaidi ya bilioni 3 katika sehemu ya mbele ya ubongo, hesabu inayomfikia nyani. Mwaka uliofuata kundi la watafiti, Kai Caspar akiwa miongoni mwao, likarudia hesabu na kupata kati ya milioni 250 na bilioni 1.7. Hapo tumeshashuka kwa nyani, tumefika karibu na mamba.

Kwa nini watu wenye elimu moja wapishane hivyo? Kwa sababu hakuna aliyeuona ubongo. Ubongo ni laini, umeoza siku ileile. Kilichobaki ni tundu la fuvu. Ni sawa na mtu kukuonyesha debe tupu akuulize lilikuwa na maharage mangapi. Lazima kwanza ujue lilijazwa hadi wapi, na maharage yenyewe yalikuwa makubwa au madogo. Kwa ndege, ubongo unajaza fuvu pomoni. Kwa mamba, unaacha nafasi kubwa. Tena niuroni za ndege zimebanana sana, za mtambaazi zimeachana. Ukimhesabu T. rex kwa kipimo cha ndege unapata nyani. Ukimhesabu kwa kipimo cha mtambaazi unapata mamba. Mimi niko na kundi la pili, maana fuvu la T. rex halionyeshi alama za kujazwa kama la kuku.

Ila furaha iliyo bora ni hii: dinosaria wenye akili wapo, na wanafunzi wako wanawaona kila siku. Ndege hawakutokana na kitu kinachofanana na dinosaria. Ni tawi la dinosaria lililobaki. Jana mmoja alikuwa kwenye ua wangu, kunguru wa mjini, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, na sasa ametuzagaa pwani nzima. Alikuja na kipande cha mkate kilichokauka. Akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la maji ya kuku, akakichovya, akakitoa, akakibana kwa mguu na kukidonoa. Bado kigumu. Akakichovya tena, safari hii akakiacha, akasogea pembeni akangoja. Alipokirudia kilikuwa kimelainika. Akala nusu. Nusu akaisukuma chini ya kigae, akainua kichwa akaniona ninamtazama, akaichomoa na kuondoka nayo. Alijua maji yatafanya nini kwa mkate. Na naamini, ingawa siwezi kuthibitisha kwa kunguru mmoja, alijua pia jicho langu lina maana gani kwa mkate wake.

Kunguru mkubwa mweusi wa nchi za kaskazini ana ubongo wa gramu 14 hivi, na ndani yake niuroni zaidi ya bilioni 2. Kunguru wa New Caledonia, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, aliyeitwa Betty, akiwa maabara huko Oxford, alipewa waya ulionyooka na ndoo ndogo yenye chakula iliyo chini kabisa ndani ya bomba lililosimama. Akaupinda waya ukawa ndoana, akaivuta ndoo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2002. Na kasuku wa kijivu, ambaye kwenu magharibi mwa Kenya si mgeni wala kwa ndugu zetu wa Kongo, alitoa Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg wa Marekani kwa karibu miaka 30 hadi alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja rangi, maumbo na vitu, akahesabu hadi sita, na ukimwuliza tofauti ya vitu viwili vilivyo sawa alijibu kwamba hakuna.

Kwa hiyo, mwalimu, ukiulizwa kama dinosaria wangeweza kupata akili, jibu kwamba walipata. Ukitaka ushahidi, wape watoto mkate mkavu na bakuli la maji.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni baharia mstaafu, Tanga. Mimi nauliza kinyume. Labda dinosaria walishakuwa na miji yao, ikafukiwa, ikasagwa, na sisi hatuna namna ya kujua. Bahari nimeiona ikimeza nyumba ya mawe katika maisha yangu haya haya mafupi. Miaka milioni 66 itabakisha nini?

JIBU: Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Swali lako si la mzaha, na wenye taaluma wameliuliza. Mwaka 2018 Gavin Schmidt, mtaalamu wa hali ya hewa wa NASA, shirika la anga la Marekani, na Adam Frank, mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu cha Rochester, waliandika makala wakiuliza: kama zamani sana kungekuwa na ustaarabu wa viwanda kabla ya wetu, miamba ingetuonyesha nini? Wenyewe hawakuamini kwamba ulikuwepo. Walitaka kujua alama ya kuitafuta.

Na una haki kuhusu bahari. Kuna watafiti wa Marekani waliokadiria kwamba T. rex walioishi wote, vizazi vyote, walifika kama bilioni 2.5, na sisi tumepata mifupa ya wachache mno, hata mia ni taabu. Nyumba nazo zingesagwa. Barabara zingesagwa. Jahazi lisingebaki hata msumari.

Lakini ustaarabu wa viwanda hauachi nyumba tu, huacha mashimo. Kijana wa Songea na asome hapa, maana ni habari ya kwao. Makaa ya mawe ya Ngaka, Mbinga, katika bonde la Ruhuhu, yalilala ardhini zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla dinosaria hawajazaliwa. Katika bonde hilo hilo, kwenye matabaka ya juu zaidi, ndipo ilipookotwa katika miaka ya 1930 mifupa ya Nyasasaurus, ambaye alielezwa rasmi mwaka 2013: mnyama wa miaka kama milioni 243, ama dinosaria wa kwanza kabisa tunayemjua, ama ndugu yao wa karibu sana. Waone walivyopangika: makaa chini, wao juu. Walitembea juu ya nishati ile tangu siku yao ya kwanza hadi ya mwisho, na malori yetu yalipofika tuliyakuta matabaka yamekaa vilevile, hayajaguswa. Ndivyo ilivyo kwa makaa ya Uingereza na ya Ujerumani, ambayo ni ya kale zaidi. Aliyewahi kuwa na viwanda asingetuachia chakula chote mezani.

Mfano wa pili ndio unaonishangaza mimi kila nikiukumbuka. Mwaka 1972 mafundi wa Ufaransa walipima urani kutoka Oklo, nchini Gabon. Aina moja ya urani, ile inayotumika kwenye vinu vya nyuklia, huwa ni asilimia 0.720 ya urani yote duniani. Ile ya Oklo ilikuwa 0.717. Upungufu mdogo kiasi hicho! Wakafuatilia, wakagundua kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita mwamba wenyewe, pamoja na maji yaliyopenya ndani, uliwaka kama kinu cha nyuklia, ukazima, ukawaka tena, bila mkono wa mtu. Majivu yake bado yapo pale. Kama sisi tunaweza kuusoma moto uliozimika kabla hata ya samaki wa kwanza, basi kinu cha dinosaria wa juzi juzi tu tungekinusa.

Ukiniambia hawakuwa na viwanda, walikuwa wanasuka mikeka na kuimba, hapo nakubali kwamba mkeka umeoza na wimbo umekwenda na upepo. Ila mchonga jiwe haponi. Jiwe lililochongwa linadumu kama mfupa, na zaidi. Tumechambua mifupa ya dinosaria kwa maelfu, tumeona alama za meno ya wenzao juu yake, za kukanyagwa, za magonjwa, mpaka kuvunjika na kuunga. Alama ya kisu haijaonekana hata moja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, naishi Berlin. Nilimpeleka mwanangu wa miaka saba kumwona mjusi wetu kwenye makumbusho. Akasimama chini yake, akainua shingo mpaka kofia ikaanguka, akaniuliza: "Mama, kichwa chenyewe kidogo hivi, alikuwa anafikiri kwa kutumia nini?" Mgeni mmoja pembeni akatuambia alikuwa na ubongo wa pili kiunoni. Nimjibu nini mwanangu?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na umpe mkono huyo mdogo kwa niaba yangu. Ameuliza swali ambalo wakubwa hupita hapo bila kuliona.

Mwambie kichwa si kidogo sana, ni shingo inayokifanya kionekane hivyo, maana kiko mita 13 juu. Ila ubongo wenyewe, ndiyo, ulikuwa wa sentimita za ujazo 300 hivi. Ajaze maji chupa ndogo ya soda, ndio huo.

Ubongo wa pili haukuwepo. Hadithi hiyo ilianza karne ya 19 huko Marekani, mtaalamu wa visukuku Othniel Marsh alipoona kwamba tundu la uti wa mgongo wa Stegosaurus, dinosaria mwenye mabamba mgongoni, limepanuka kwenye nyonga kuliko kwenye fuvu. Ndugu yake wa Tendaguru, Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, naye ana upanuzi wa namna hiyo. Lakini kuku wako wa Jumapili anao pia: pale nyongani, ndani ya uti wa mgongo, kuna kifuko cha sukari ya akiba. Hakifikirii chochote.

Mweleze na jambo jingine, kwa kuwa halisemwi vya kutosha. Mjusi yule hakwenda Berlin kwa akili za Wajerumani peke yao. Kati ya 1909 na 1913, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiongoza msafara, waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyejua kuutoa mfupa uliopasuka vipande mia bila kupoteza hata kimoja. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Wamwera na mchimbaji Mohammadi Keranje. Mtoto akijua majina hayo marefu, shuleni kwake atakuwa wa kwanza.

Mkirudi makumbusho, msiishie ukumbi wa mjusi. Katika jengo hilo hilo kuna bapa la jiwe kutoka Bavaria lenye kiumbe kidogo cha saizi ya kunguru, mabawa yameenea, kila unyoya umejichora. Ni Archaeopteryx. Umri wake ni sawa na wa mjusi wetu, miaka milioni 150 hivi. Wakati mmoja anatikisa miti ya Tendaguru, mwingine alikuwa anarukaruka kando ya maji ya Ulaya. Mwonyeshe fuvu lake, lilivyo dogo kupindukia, kisha mwambie kwamba ukoo wa huyu mdogo ndio uliotupa kasuku na kunguru.

Halafu tokeni nje. Kunguru wa Berlin ana kiwiliwili cha kijivu na kichwa cheusi, utamdhania wa kwetu. Nunueni kokwa zile za ganda gumu zinazouzwa wakati wa baridi, mtoto aweke moja kwenye njia ya mawe, msogee mbali mkae kimya. Kunguru akiichukua, ataruka nayo juu na kuiachia ianguke. Mwanao ahesabu ameiangusha mara ngapi kabla haijapasuka, na aangalie kama kila mara inapogoma anapanda juu zaidi. Naomba aniandikie hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe.